Mabingwa wa Kukataa Maji, na Gereji za Makambako

Makambako haijawahi kuchimba hata tone moja la mafuta, lakini ni miji michache ya bara inayopitiwa na mafuta kwa njia nyingi kama huu. Malori ya Tunduma, Lusaka na Lubumbashi yanakatiza katikati ya mji. Ya Njombe na Songea yanakunja kona hapohapo njia panda. Treni za TAZARA zinapanda kutoka Mlimba na kuvuta pumzi stesheni ya Makambako baada ya kumaliza kipande kigumu kuliko vyote vya reli hiyo ya kilomita 1,860. Na chini ya ardhi, katika ukanda uleule wa Iringa hadi Mbeya, limelala bomba la TAZAMA lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola.

Bomba, reli na barabara ya lami ni watoto wa ugomvi mmoja. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia, Zambia ikajikuta imekatiwa mafuta yaliyokuwa yakitoka kusini, na mapipa yakaanza kupakiwa Dar es Salaam na kupandishwa nyanda za juu kwa barabara mbaya iliyopewa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba likakamilika 1968. Reli ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Tangu 2023 bomba limeacha kubeba mafuta ghafi, sasa linapitisha dizeli.

Penye mafuta mengi hapakosi ya kumwagika. Mvua za kwanza ndizo zinazofichua: madimbwi ya viwanja vya malori yanavaa rangi za upinde, mifereji ya sehemu za kuoshea magari inatoa povu jeusi, na mashimo yaliyopokea oili chafu kiangazi chote yanafurika. Upande wa pili yako mafuta yasiyotisha lakini yanayoziba mifereji vilevile, yale ya mashine za kukamua alizeti.

Si mbali na hapo, wilaya ya Wanging'ombe, iliyozaliwa 2012 mwaka uleule wa mkoa wa Njombe na kuwekewa makao Igwachanya, inajulikana kwa maji yasiyohitaji pampu. Mradi wake mkubwa wa maji ya mserereko, uliojengwa kwa msaada wa UNICEF, unayashusha maji kutoka milimani hadi vijijini kwa nguvu ya mteremko peke yake. Mito ya upande huo inakwenda Ruaha Mkuu, na kwa njia hiyo Mtera, Kidatu na Rufiji. Kwa hiyo orodha ifuatayo ya mabingwa wa dunia wa kutenganisha mafuta na maji nimeipitia kwa jicho la mtu wa njia panda: nani ameweka rekodi, rekodi ya nini hasa, na angevumilia vipi shimo la gereji?

Bingwa wa shambani

Tuanze na asiyelipwa. Mimina maji juu ya jani la gimbi, nayo yatajikunja kuwa vidonge vya fedha, yatabingirika na kuanguka, na jani litabaki kavu. Jani la kabichi, zao ambalo Njombe haina uhaba nalo, hufanya mchezo huohuo kwa kiasi kidogo zaidi kwa sababu ya nta yake ya kijivu.

Wataalamu huipima tabia hiyo kwa pembe inayofanyika pale ukingo wa tone unapogusa uso. Kwenye kioo safi tone hulala bapa na pembe huwa ndogo. Kwenye Teflon laini hufika nyuzi 110 hivi. Ikizidi nyuzi 150, na tone likaserereka kwa kuinamisha uso kidogo tu, uso huo huingia daraja la juu kabisa la wakataaji wa maji. Jani la gimbi limo katika daraja hilo, pamoja na yungiyungi takatifu wa Asia ambaye Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Bonn, Ujerumani, walimwandikia makala iliyompa umaarufu duniani mwaka 1997.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba siri yake ni ukwaru. Uso laini, hata upakwe kemikali gani, haupiti sana nyuzi 120. Jani limejaa vichuguu visivyoonekana kwa macho, na juu ya kila kichuguu kuna chembe za nta. Tone hukaa kwenye ncha hizo huku chini yake kukiwa na hewa. Hesabu ya jambo hilo ilikuwa imekwisha kuandikwa 1944 na Cassie na Baxter, Waingereza waliokuwa wakitafiti nguo, ambao waliangalia pia manyoya ya bata.

Sasa ongeza mafuta. Maji yana mvutano mkubwa wa uso, karibu milinyutoni 72 kwa mita. Dizeli na oili ya injini hazifiki nusu ya hapo. Ndiyo maana uso mmoja wenye nta unaweza kuyafukuza maji na papo hapo ukayakaribisha mafuta yakatambaa hadi kila kona. Biashara yote inayofuata imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Wa kwanza

Wavu uliofungua mlango ulitoka Beijing mwaka 2004. Feng Lin, Jiang Lei na wenzao walichukua wavu wa chuma cha pua, mfano wa ule wa chujio la chai, wakaupulizia maji yenye chembe za Teflon na kuuoka. Tone la maji lilisimama juu yake kwa pembe ya nyuzi 156 hivi. Tone la dizeli lilitambaa papo hapo, likapenya, likaanguka upande wa pili. Pembe yake ilikuwa sifuri.

Vitu vyote viwili, wavu na Teflon, vilikuwepo madukani miongo kadhaa kabla. Teflon iligunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett tarehe 6 Aprili 1938, kwenye mtungi wa gesi uliokataa kutoa gesi. Ilichukua miaka 66 kwa mtu kuviweka pamoja kwa kusudi hili. Tangu hapo makala za wavu, vitambaa, karatasi na sponji zilizopakwa hiki au kile zimemiminika kwa maelfu, nyingi zikidai ubora unaozidi wa jirani kwa nukta moja au mbili.

Mkataaji mkuu

Kwa nyuzi peke yake, alama ya kujivunia iliwekwa Japani mwaka 1996 na watafiti wa kampuni ya Kao, ambao nta yao iliyoganda kwa mikunjo ndani ya mikunjo ilisimamisha tone kwa nyuzi 174. Mwisho wa kipimo ni 180, tone likiwa duara kamili linalogusa chini kwa nukta moja. Hakuna nafasi kubwa iliyobaki ya kushindania, na kwa kazi ya kuchuja mafuta nyuzi 155 na 174 hazina tofauti ambayo fundi angeigundua.

Hata hivyo nta hiyo inanivutia kwa sababu nyingine. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa yakilala kwenye chupa usiku wa Julai huko Njombe huamka na ukungu. Ukungu huo ni nta kutoka kwenye maganda ya mbegu, na viwanda vikubwa huyapoza mafuta makusudi ili kuiondoa. Wanging'ombe inalima alizeti. Nta ya kukataa maji, kwa maneno mengine, inaganda yenyewe rafuni, na anayeiona huiita uchafu.

Mwepesi kuliko wote, na mlafi kuliko wote

Hapa ndipo magazeti hupenda kusimama. Mwaka 2013 timu ya Gao Chao ya Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, ilitangaza sponji ya kaboni yenye uzito wa miligramu 0.16 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Hewa tunayovuta ina 1.2. Ukiondoa hewa iliyomo ndani yake, sponji hiyo ni nyepesi kuliko gesi ya helia. Picha yake ikiwa imekalia ua bila kulipinda ilizunguka dunia nzima. Ilikuwa imeivua taji aerografiti ya Ujerumani, ya mwaka mmoja nyuma, yenye miligramu 0.18.

Pamoja na wepesi ikatangazwa rekodi ya pili: ilinyonya mafuta hadi mara 900 ya uzito wake. Linganisha na wengine. Karatasi ya nyuzi laini ya taasisi ya MIT, Marekani, mwaka 2008, ilinyonya mara 20. Sponji ya mirija ya kaboni iliyotoka China 2010 ilifika 180. Sponji ya maabara ya Argonne, Marekani, iliyoonyeshwa 2017, ni povu la kawaida la viti na magodoro lililobadilishwa ngozi ya ndani ili lipende mafuta. Hiyo hubeba hadi mara 90, hukamuliwa na kurudishwa kazini, na mafuta yake hutumika tena.

Mara 900 ni namba tamu, na ndiyo maana inahitaji kutazamwa mara mbili. Sponji yoyote hushika mafuta ndani ya nafasi zake. Sponji ya lita moja haiwezi kushika zaidi ya lita moja, iwe imetengenezwa kwa dhahabu au kwa moshi. Ukipunguza uzito wa sponji yenyewe, "mara" zinapanda hata kama mafuta yaliyoshikwa hayajaongezeka kijiko kimoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya rekodi ya ulafi ni rekodi ya wepesi iliyovaa kanzu nyingine. Mwenye shimo lenye lita 500 za maji ya mafuta haulizi sponji ina gramu ngapi. Anauliza itajaza ndoo ngapi kabla ya kuchoka, na ndoo moja inamgharimu nini.

Mkongwe asiye na maabara

Nikipewa nafasi ya kutoa taji moja tu, nitalipeleka kwa sufi.

Msufi hauhitaji utambulisho kwa watu wa Tanga, Morogoro na pwani nzima: mti mrefu wenye matumba yanayopasuka na kutoa nyuzi nyeupe za kujazia mito na magodoro. Haustawi katika baridi ya Njombe, ila sufi yenyewe inasafiri. Kila uzi wake ni mrija mtupu, sehemu kubwa ikiwa hewa, na nje umevikwa nta nyembamba. Kwa sababu hiyo haulowi. Majaketi ya kuokolea mabaharia yalijazwa sufi kabla ya povu la kisasa kuja, maana yalielea hata baada ya saa nyingi majini.

Mwaka 2007 watafiti wa Singapore, Lim na Huang, waliipima kwa makini. Sufi ilipopangwa kwa ulegevu, gramu 0.02 kwa sentimita ya ujazo, kila gramu ilishika gramu 36 za dizeli, na gramu 45 za oili ya injini. Fanya hesabu ya chombo cha lita moja: ndani yake kuna gramu 20 tu za sufi, nazo zimeshika gramu 720 za dizeli. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo gramu hizo ni karibu lita 0.86. Chombo kimekaribia kujaa! Bingwa wa mara 900, akiwekwa kwenye chombo hichohicho, ana nafasi ya kuongeza kikombe kidogo tu.

Watafiti hao waligundua pia kitu ambacho mshona magodoro angekibashiri. Ukiishindilia sufi hadi gramu 0.09 kwa sentimita ya ujazo, uwezo wake kwa kila gramu huanguka hadi 8 hivi, kwa kuwa nafasi kati ya nyuzi zimebanwa. Kwa hiyo mfuko wa sufi wa kuning'iniza kwenye mtaro unatakiwa uwe mlegevu, usijazwe kama mto wa bibi harusi. Udhaifu wake mwingine uko wazi: inashika moto upesi, inachafuka, na baada ya kukamuliwa mara nyingi nyuzi zinalala na kukataa kuinuka.

Tukumbuke pia kwamba vipimo vya maabara vingi hufanywa kwenye joto la nyuzi 20 na kitu. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya bahari, asubuhi ya Juni ni habari nyingine. Oili ya injini huwa nzito, hupenya polepole, na nyuzi zilizoinywa dizeli kwa sekunde zitahitaji dakika kuinywa oili. Ikishaingia, walakini, uzito huohuo unaizuia isichuruzike. Hakuna kitabu cha rekodi chenye safu ya baridi, nami ningependa kuiona.

Mwenye mbio zaidi

Jirani zetu wa Naivasha wanalijua gugu hili kwa sura mbaya. Salvinia, jimbi dogo la majini lenye asili ya Brazil, lilivamia ziwa lao miaka ya 1960 na kutandika mkeka mnene, hadi mbawakawa wadogo walioletwa makusudi walipolipunguza miaka ya 1990. Majani yake yana vinyweleo vilivyoungana nchani kama mwiko wa kupigia mayai, na vinyweleo hivyo hushika tabaka la hewa majani yakizamishwa.

Mwaka 2016 watafiti wa Karlsruhe na Bonn waliangalia jinsi majani ya aina hiyo yanavyonyonya mafuta. Jani la Salvinia lilifikia kiwango chake cha juu kabisa kwa chini ya sekunde 30. Urefu wa vinyweleo pekee haukutosha kueleza mbio hizo. Umbo la ncha, lile la mwiko, ndilo lililobeba mafuta juu hadi kwenye uso. Kwa hiyo gugu lililowafilisi wavuvi wakati fulani sasa linaigwa kwenye vitambaa vya viwandani.

Mwenye nguvu zaidi

Baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka katika Ghuba ya Meksiko tarehe 20 Aprili 2010, ukaua watu 11 na kuacha kisima kikimwaga mafuta kwa siku 87, ilidhihirika kwamba mashine za kuokota mafuta baharini hazikuwa zimebadilika sana kwa miongo miwili. Yakaandaliwa mashindano ya dola milioni moja, yakafanyika New Jersey mwaka 2011. Waliotaka tuzo walitakiwa kuokota angalau galoni 2,500 kwa dakika, huku mafuta yakiwa si chini ya asilimia 70 ya walichookota.

Mshindi, kampuni ya Elastec ya Illinois, aliokota galoni 4,670 kwa dakika, yaani lita zaidi ya 17,600, na asilimia 89.5 ya alichookota ilikuwa mafuta. Kabla ya hapo galoni 1,100 zilihesabiwa kuwa mwendo mzuri. Silaha yake haikuwa sponji: zilikuwa sahani za plastiki zenye mifereji, zinazozunguka nusu zikiwa ndani ya maji. Mafuta yanang'ang'ania, maji yanateleza, kisu kinakwangua. Kwa mwendo huo, lori la mafuta la lita 35,000 lingejaa kwa dakika mbili.

Namba hiyo ina faida ya kutufunza kiasi. Kinachotoka gereji kwa mwezi mzima mashine ile ingekimaliza kabla fundi hajanawa mikono, kisha ingeshinda siku 29 ikila kutu.

Wengi kuliko wote

Rekodi ya watu, nikiruhusiwa kuitangaza bila kitabu, ni ya Mauritius. Meli ya MV Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020, na kuanzia Agosti 6 takriban tani 1,000 za mafuta mazito zikamwagika kwenye maji ya kusini-mashariki mwa kisiwa. Wananchi hawakungoja. Walishona mifuko ya kitambaa, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakafunga chupa tupu za plastiki ili ielee, na kuivuta baharini kuwa ukuta. Wengine walinyolewa nywele, kwa kuwa nywele nazo hushika mafuta. Wazo hilo kinyozi mmoja wa Alabama, Phillip McCrory, alilipata mwaka 1989 alipoona manyoya ya fisi-maji yalivyolowa mafuta ya meli ya Exxon Valdez.

Mombasa haikuwa na bahati ya picha nzuri. Aprili 2005 meli ya Ratna Shalini ilitoboka ikiwa Kilindini, na mafuta yakaingia kwenye mikoko ya Port Reitz, ambako hakuna sahani inayozunguka wala wavu unaoweza kupita kati ya mizizi.

Mpinzani wao

Mpaka hapa tumewasifu wakataaji wa maji. Wana tatizo moja ambalo wauzaji hulipitia haraka. Maji ni mazito kuliko mafuta. Ukimimina mchanganyiko juu ya wavu unaokataa maji, maji yatashuka chini kabisa na kukaa juu ya wavu, yakiukataa kama yalivyofundishwa, huku mafuta yakielea juu yao bila kuugusa. Chujio limezibwa na kitu kilekile lililotengenezwa kukizuia. Maabara huliepuka jambo hili kwa kuuinamisha wavu, au kwa kufanya onyesho kwa kutumia kimiminika kizito kuliko maji na kukiita mafuta.

Ndiyo maana kundi la Anish Tuteja wa Michigan liligeuza meza mwaka 2012: utando wao huyapenda maji na kuyakataa mafuta, hata yakiwa yamechanganyika kwa matone madogo kabisa. Maji hupita kwa uzito wake, bila pampu, na mafuta hubaki juu. Ufanisi ulitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 99.9, nao ulikuwa ushindi wa kweli. Kwa nchi ya maji ya mserereko kama Wanging'ombe, mtambo usiohitaji chochote isipokuwa mteremko una mvuto wake.

Ila asilimia nayo ina ujanja. Ikibaki sehemu moja ya mafuta katika 1,000 za maji, ufanisi ni 99.9, na hizo ni sehemu 1,000 katika milioni. Meli kubwa baharini, kwa sheria za kimataifa za MARPOL, hairuhusiwi kumwaga maji ya chumba cha injini yanapozidi sehemu 15 katika milioni. Tisa tatu zinapendeza kwenye kichwa cha habari. Mamba, chura na mnywaji wa mtoni wanahesabu kwa milioni.

Asiyepimwa: sabuni

Wavu, sponji na sufi huonyeshwa kwenye bilauri safi: maji yametiwa rangi ya bluu, mafuta rangi nyekundu, kamera iko tayari. Maji ya mahali pa kuoshea malori hayana heshima hiyo. Yana tope jekundu, mchanga, grisi, na juu ya yote sabuni ya unga.

Sabuni ndiyo adui mkubwa wa teknolojia hii, nasi tunaimwaga kwa vikombe. Inaushusha mvutano wa uso wa maji kutoka 72 hadi karibu 30, yaani maji yanaanza kujifanya mafuta. Hewa iliyokuwa chini ya tone inatoka, vichuguu vinalowa, na wavu wa nyuzi 156 unageuka wavu wa kawaida. Wakati huohuo sabuni inayavunja mafuta kuwa matone madogo mno yanayoning'inia ndani ya maji bila kuelea. Ningetamani kila maabara inayotangaza rekodi ilazimishwe kurudia jaribio lake kwa gunia la tope na paketi moja ya sabuni. Orodha ya mabingwa ingepungua sana siku hiyo, na njia rahisi kuliko zote ingejulikana: kukwangua na kufuta grisi kwa vitambaa kwanza, kuosha baadaye, na kutochanganya mfereji wa sabuni na mfereji wa oili.

Upakaji wenyewe nao una doa. Wakataaji wengi wa daraja la juu walipata ngozi yao kutoka kemikali za florini, jamii ambayo baadhi ya wanachama wake hawaozi. Mmoja wao, PFOA, aliyetumika kwa miaka mingi kutengenezea Teflon, aliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm. Kuyatoa mafuta kwenye kisima kwa kitambaa kinachoacha kemikali isiyooza ni biashara mbaya. Wanaofanya kazi kwa nta, kwa mafuta ya mbegu na kwa maganda ya mimea mara nyingi wana alama chache za nyuzi, na mimi niko upande wao.

Wa kwetu

Tanzania haina wavu kwenye vitabu vya rekodi, lakini ina taji la fani jirani. Askwar Hilonga, mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwaka 2015, kwa pauni 25,000. Kichujio chake kinaunganisha mchanga wa kawaida na chembe ndogo ndogo zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali, kama floraidi ya kaskazini. Kilitengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na oili ya gereji haikuwa lengo lake, ila kanuni yake ndiyo ambayo nyavu za maabara zimekosa: anza na maji ya hapa, kisha tafuta dawa yake.

Kwa Makambako dawa hiyo haihitaji kuvunja rekodi yoyote. Shimo la vyumba vitatu vya zege, maji yakipita kutoka chumba hadi chumba kwa bomba la chini ili mafuta yabaki juu, limefanya kazi kwenye viwanda vya mafuta ghafi kwa miongo mingi. Chumba cha mwisho ndicho kinachohitaji mkataaji wa maji: mfuko mlegevu wa sufi, au povu la magodoro lililopakwa nta, wa kunasa ule utando mwembamba unaoponyoka.

Bado kuna swali la kile kilichonaswa. Mafuta yaliyokamuliwa hayapotei, na oili chafu ina wateja: wenye nguzo za uzio na mbao za kupaua wanaipaka kuzuia mchwa, na Njombe ni nchi ya mbao. Fundi anaweza kuyatoa mafuta majini kwa sufi asubuhi na kuyauza jioni kwa mtu atakayeyazika ardhini pamoja na nguzo. Mapipa yanayokusanywa na kupelekwa kwenye tanuru au kiwanda cha kusafisha upya ndiyo njia nyingine, na hiyo inataka lori, ambalo kwa mji ulio njia panda si kitu cha kukosekana. Malori mengi hurudi Dar es Salaam yakiwa na nafasi tele.